Kiuno kwa Mipigo Kumi na Mitatu

Gunia la chai ni kilo sitini na tano
na sijawahi kulidai hata kikombe.
Miaka kumi na sita ghalani Shimanzi,
begani, mgongoni, juu ya lori,
mpaka Jumatatu ile kiuno kikaalika
kama ufito mkavu.
Msimamizi akanipa siku tatu na pole.

Bi Ruan ana chumba juu ya duka la rangi, Ganjoni,
sindano zake nyembamba kuliko mwiba wa dagaa,
Kiswahili chake cha kununulia mboga.
'Wapi?'
Nikashika. 'Kiuno.'
'Ki-u-no,' akalionja neno,
akaigeuza risiti yangu, akaandika mgongoni mwake
huku nimelala kifudifudi, shavu mezani,
wino ukipita usawa wa jicho.
Mipigo kumi na mitatu. Nilihesabu;
hesabu ndiyo kazi ya mtu asiyeweza kugeuka.

Alama hii ikiwa peke yake, akasema, ni mwezi.
Hii ya juu, magharibi.
Hii ya chini, mwanamke.
Nikacheka hadi sindano zikatikisika.
Mwezi, magharibi, mwanamke!
Hayo nayajua bila kufika Uchina:
jioni ya ishirini na tisa, Shaabani,
nusu ya Bondeni iko juu ya mapaa
inautafuta uzi wa mwezi,
na Mejumaa wangu yumo,
yeye huuona kabla ya wote
na kila mwaka haaminiwi.

'Siyo,' akasema Bi Ruan, akachomeka nyingine.
'Siyo mwezi. Nyama.
Nyama ikisukumwa pembeni, inakonda,
inafanana na mwezi.
Siyo magharibi. Zamani, mikono.
Mtu amejishika hapa.'
Akasimama, akajishika hapa.

Na kisa chenyewe, nilivyokielewa mimi:
hapo kale mtu aliyejishika alitosha,
umbo lake ndilo lililokuwa neno.
Lakini palikuwa na neno jingine, kutaka,
lenye sauti ya jirani na lisilo na mwili.
Nani atachora kutaka? Achore nini, mate?
Likaja kuazima. Nipe umbo lako siku mbili.
Kiuno, muungwana, kikakubali.

Unajua mambo ya kuazimana:
sufuria ya pilau ikikaa sana kwa jirani
hupata masizi ya kwake, na jina la kwake.
Neno halikurudisha.
Kila aliyemwona mtu amejishika akasoma: nataka.
Kiuno kikabaki hakina picha,
kikaokota kipande cha nyama,
kikakibandika ubavuni, ili kijulikane tena.

Sisi hatukuandika, tulifunga.
Anayetaka kwelikweli hujifunga kibwebwe,
wala hajifungi shingoni.
Na mtaka cha mvunguni sharti ainame;
ainame kwa kitu gani, kama si hiki
kilicholala hapa na sindano tisa?

Nilipofika nyumbani Mejumaa alikuwa mlangoni,
leso imekazwa, mikono kiunoni,
unga wa dengu wa viazi karai hadi viwikoni.
'Umetoka wapi, na hela ya kodi iko wapi?'
Nikamtazama kuanzia juu.
Kichwa. Mikono miwili. Mwanamke.
Herufi nzima imenisubiri kizingitini,
wala nyama haikupungua.
Sikujua nisome kiuno au nisome anataka.
Risiti nikamkabidhi badala ya kodi.
'Hii nini, hirizi?'

Usiku akanikanda kwa mafuta ya nazi,
kisha, kimya, akaanza kuiga kwa kidole.
Alianza na mwanamke, chini, ndipo akapanda;
Bi Ruan angemgombeza.
Nyama aliiweka mwisho, polepole,
pale pale panapouma.
Nikahesabu kumi na miwili.
Mmoja aliusahau, au ulinipita nikisinzia.
Sikumwambia.
Kesho nitautaka.